Ilhan Omar: Kutoka kambi ya Utange hadi Bunge la Jimbo la Minnesota

Ilhan Omar, aliyezaliwa Mogadishu tarehe 4 Oktoba 1982, ni mwanasiasa wa Marekani ambaye wengi wetu tunamjua kwa habari za Washington na majibizano yake na Donald Trump. Makala haya yanaangalia hatua iliyotangulia hayo yote: miaka miwili, kuanzia Januari 2017 hadi Januari 2019, alipokuwa mbunge wa jimbo la Minnesota. Alikuwa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Kisomali kuchaguliwa katika bunge la jimbo nchini humo.

Habari yake inatuhusu watu wa Pwani kwa sababu mbili. Kwanza, kabla ya kufika Marekani aliishi miaka minne kama mkimbizi hapa kwetu, Utange. Pili, kiti alichoanzia kilikuwa kidogo, na alikikalia akiwa upande wa wachache, mahali ambapo mbunge hupata machache anayoyataka. Ni vyema kujua mtu hufanya nini na kiti kama hicho.

Utoto wa vita na Utange

Ilhan ni kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Mama yake, aliyekuwa wa jamii ya Wabenadiri, alifariki Ilhan akiwa na umri wa miaka miwili. Wabenadiri ni watu wa miji ya kale ya mwambao wa Somalia, na majina ya Mogadishu, Marka na Barawa si mageni kwa familia nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu. Alilelewa na baba yake, Nur Omar Mohamed, aliyekuwa akifundisha walimu, pamoja na babu yake mzaa mama, Abukar, aliyewahi kuwa mkuu wa idara ya usafiri wa baharini ya taifa.

Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991 na nchi ikaingia vitani. Familia ilikimbilia Kenya, Ilhan akiwa na umri wa miaka minane. Maandishi mengi kumhusu hutaja Dadaab, lakini katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2020 yeye mwenyewe anaeleza kambi iliyokuwa karibu na Mombasa, ambayo anaiita Utango. Ni Utange yetu, kaskazini mwa kisiwa.

Vijana huenda wasijue kwamba Pwani ilikuwa na kambi. Miaka hiyo Wasomali wengi walifika kwa majahazi na mashua, na kambi zikafunguliwa Utange, Marafa, Jomvu, Hatimy na Swaleh Nguru. Katikati na mwishoni mwa miaka ya 1990 kambi hizo zilifungwa. Waliokuwa hawajapata nchi ya kuwapokea wakahamishiwa Dadaab na wengine Kakuma, na wako waliolea wajukuu huko huko. Familia ya Ilhan ilipata nafasi ya kwenda Marekani mwaka 1995. Waliishi kwanza Arlington katika jimbo la Virginia, kisha mwaka 1997 wakahamia Minneapolis, mji mkubwa kuliko yote ya Minnesota, ambako Wasomali walikuwa wameanza kukusanyika. Alipata uraia mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 17.

Mkalimani wa babu

Siasa aliianza na babu yake. Katika Minnesota vyama hufanya mikutano ya mitaa, ambapo wakaazi hukutana jioni moja shuleni au katika ukumbi, wakajadili sera na kuchagua wajumbe. Mzee Abukar alitaka kuhudhuria lakini Kiingereza chake hakikutosha, basi mjukuu wa takriban miaka 14 akawa anafuatana naye kumtafsiria. Humo ndimo alimojifunza jinsi wagombea wanavyopatikana, na kwamba mara nyingi neno la mwisho husemwa na wachache waliojitahidi kufika mkutanoni.

Hakurukia kiti. Kati ya 2006 na 2009 alikuwa mwelimishaji wa lishe katika jamii, kazi ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 2011 alihitimu Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota, akiwa amesomea sayansi ya siasa na masuala ya kimataifa. Mwaka 2012 alisimamia kampeni ya Seneta wa jimbo Kari Dziedzic, kisha akafanya kazi ya lishe ya watoto katika idara ya elimu ya Minnesota. Mwaka 2013 alisimamia kampeni ya Andrew Johnson, aliyechaguliwa diwani wa Baraza la Jiji la Minneapolis, na baada ya ushindi akawa msaidizi wake mkuu wa sera hadi 2015. Dziedzic alikuwa seneta wa eneo la 60, eneo ambalo nusu yake moja ndiyo 60B, kiti ambacho Ilhan angekuja kukiwania.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari zake. Februari 2014, mkutano wa chama katika mtaa wa Cedar-Riverside ulivurugika na kuwa mapigano, na Ilhan, aliyekuwa akifanya kazi kwa diwani, alishambuliwa na kuumizwa. Siku hizo kinyang'anyiro kilikuwa kati ya mbunge mkongwe Phyllis Kahn na Mohamud Noor, Msomali aliyekuwa akimpinga. Kahn alishinda mchujo wa mwaka huo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Ilhan aliinama miaka kadhaa kabla ya jina lake kuandikwa kwenye karatasi ya kura.

Bunge la jimbo ni bunge gani?

Msomaji wa Kenya anaweza kudhani bunge la jimbo ni kama Bunge la Kaunti ya Mombasa lenye wadi zake 30. Yanafanana kwa kuwa yote mawili yako karibu na mwananchi kuliko bunge la taifa, ila kwa uwezo hayalingani. Katiba yetu ya 2010 inaziachia kaunti mambo kama vile zahanati, masoko, shule za chekechea na barabara za kaunti, huku polisi, mahakama na sheria za makosa ya jinai zikibaki mikononi mwa serikali kuu. Nchini Marekani kila jimbo kati ya majimbo 50 lina katiba yake, mahakama zake na sheria zake za jinai. Bunge la jimbo linaweza kuamua adhabu ya mauaji, kodi ya mapato ya jimbo, karo za vyuo vikuu vya umma na mipaka ya mamlaka ya miji.

Bunge la Minnesota hukaa mjini Saint Paul na lina mabaraza mawili: Seneti yenye viti 67 na Baraza la Wawakilishi lenye viti 134. Kila eneo la useneta hukatwa mara mbili, A na B, na kila nusu huchagua mwakilishi wake kwa muhula wa miaka miwili. Kiti kimoja cha uwakilishi hubeba takriban watu 40,000. Vikao huanza Januari au Februari na sharti vimalizike Mei, na katika miaka miwili bunge haliwezi kukutana zaidi ya siku 120. Kwa hiyo wabunge wengi wana kazi nyingine. Mshahara ulikuwa dola 31,140 kwa mwaka tangu 1999, hadi ulipopandishwa kuwa dola 45,000 mwaka 2017. Kwa maisha ya Marekani, huo si mshahara wa kumtajirisha mtu.

Mchujo wa 2016

Eneo la 60B lilijumuisha Chuo Kikuu cha Minnesota na mitaa ya wanafunzi inayokizunguka, pamoja na Cedar-Riverside, mtaa wa magorofa marefu ambao Wasomali wengi wanaishi na ambao wengine huuita Mogadishu Ndogo. Hapo chama chenye nguvu ni DFL, jina ambalo Democratic hutumia katika Minnesota. Anayeshinda mchujo wa DFL huwa amekwisha kushinda kiti. Watu wa Pwani wanaijua hali hiyo ya tikiti ya chama.

Phyllis Kahn hakuwa mtu wa kubezwa. Mwanasayansi huyu alichaguliwa mara ya kwanza mwaka 1972, na yeye ndiye aliyeongoza sheria ya 1975 ya kuzuia uvutaji sigara katika majengo ya umma, mojawapo ya sheria za mwanzo za aina hiyo nchini Marekani. Kufikia 2016 alikuwa amekaa bungeni miaka 44. Mohamud Noor naye alirudi ulingoni. Wengi walihofia kwamba Wasomali wawili wangegawana kura za jamii moja na mzee akapita katikati.

Ilhan hakutegemea kura za jamii yake peke yake. Alizunguka vyuoni kwa wanafunzi, akazungumzia karo, mshahara wa chini wa dola 15 kwa saa na mazingira, na kuwaomba watu ambao kwa kawaida hawapigi kura ya mchujo wajitokeze. Tarehe 9 Agosti 2016 alipata karibu asilimia 41, na waliobaki wakagawana kura zilizosalia karibu sawasawa. Mgombea wa Republican, Abdimalik Askar, ambaye pia ni Msomali, alisitisha kampeni yake baadaye mwezi huo. Katika uchaguzi wa Novemba Ilhan alishinda kwa takriban asilimia 80.

Ulikuwa usiku ule ule Donald Trump alipochaguliwa kuwa rais. Siku mbili kabla yake, Trump alikuwa ameufanyia mkutano uwanja wa ndege wa Minneapolis na kuwaelezea wakimbizi wa Kisomali kama mzigo na tishio kwa Minnesota. Mitaa ya Cedar-Riverside ilipokea habari mbili kwa mkupuo.

Miaka miwili upande wa wachache

Ilhan aliapishwa tarehe 3 Januari 2017. Kabla mwezi haujaisha, tarehe 27, Trump alitia saini amri ya kuzuia watu wa nchi saba kuingia Marekani, Somalia ikiwemo. Simu nyingi kutoka mitaa yake zilihusu ndugu waliokwama, jambo ambalo mbunge wa jimbo hana mamlaka nalo, kwa kuwa uhamiaji ni kazi ya Washington. Hapo panaonekana mpaka wa kwanza wa kiti hicho.

Mpaka wa pili ulikuwa hesabu ya viti. Republican walikuwa na 77 dhidi ya 57 vya DFL katika Baraza la Wawakilishi, na Seneti waliishika kwa kiti kimoja, 34 kwa 33. Gavana Mark Dayton alikuwa wa DFL. Katika bunge la namna hiyo, mswada wa mbunge wa upande wa wachache hufia mezani ikiwa mwenyekiti wa kamati hataupa nafasi ya kusikizwa. Ilhan aliwasilisha miswada 38 katika kipindi cha 2017 na 2018. Alikaa katika kamati za elimu ya juu, sheria za madai na fedha za serikali ya jimbo, na wenzake wakamchagua kuwa mmoja wa wasaidizi wa kiongozi wa wachache, Melissa Hortman. Kwa mbunge mpya, hiyo ilikuwa dalili ya kuaminiwa.

Kazi kubwa ya wachache ilikuwa kuzuia, na mfano mzuri ni mshahara wa chini. Jiji la Minneapolis lilikuwa likielekea kuweka dola 15 kwa saa. Republican walileta mswada wa kuzinyima serikali za miji mamlaka ya kuweka viwango vyao. DFL, Ilhan akiwa upande huo, walipinga wakashindwa kwa kura, lakini Dayton akautupa mswada huo kwa kura ya turufu Mei 2017. Mwezi uliofuata Baraza la Jiji likapitisha dola 15. Anayefuatilia mivutano ya Nairobi na kaunti kuhusu nani ana mamlaka ya nini ataielewa bila kuelezwa.

Jambo jingine ambalo wasomaji wetu watakuwa na maoni nalo ni ukeketaji. Aprili 2017 daktari mmoja wa Michigan alishtakiwa kwa kuwakeketa wasichana wawili waliotoka Minnesota. Bungeni Saint Paul ukaletwa mswada wa kuongeza adhabu na kuwagusa wazazi pia. Ilhan alisema wazi kwamba anapinga kitendo hicho, lakini katika kamati alihoji haja ya sheria mpya wakati kitendo chenyewe kilikuwa kosa la jinai katika jimbo hilo tangu 1994. Siku ya kura aliunga mkono, na mswada ukapita kwa kura 124 dhidi ya 4 kabla ya kukwama katika Seneti. Wapo waliomlaumu kwa kuuliza, na wapo waliomlaumu kwa kukubali.

Kura nyingine inayorejelewa na wakosoaji wake ni ya mwaka huo huo, kuhusu kuziruhusu kampuni za bima kutolipa warithi wa mtu aliyekufa akitenda ugaidi. Ulipita kwa kura 127 dhidi ya 2, na Ilhan alikuwa mmoja wa hao wawili.

Hesabu za kampeni

Rekodi ya miaka hiyo haikukosa doa. Mbunge mmoja wa Republican aliwasilisha malalamiko kwamba Ilhan alitumia pesa za kampeni yake ya jimbo kwa mambo yasiyoruhusiwa. Bodi ya fedha za kampeni ya Minnesota ilichunguza, na Juni 2019, akiwa tayari Washington, ikaamua kwamba baadhi ya matumizi ya safari na ya kumlipa mtaalamu wa kodi hayakustahili. Iliagiza arudishe takriban dola 3,500 kutoka mfukoni mwake na alipe faini ya dola 500. Kwa viwango tulivyozoea kusikia katika ripoti za ukaguzi hapa kwetu, kiasi hicho ni kidogo. Hata hivyo uchunguzi ulifanyika, uamuzi ukatangazwa hadharani, na kiasi cha kurudisha kikatajwa hadi senti.

Kuelekea Washington

Tarehe 5 Juni 2018, siku ya mwisho ya wagombea kujiandikisha, mbunge wa eneo la tano la Minnesota katika Kongresi, Keith Ellison, alitangaza kwamba atawania uanasheria mkuu wa jimbo. Ellison ndiye Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Kongresi. Ilhan aliingia kinyang'anyiro hicho papo hapo, na tarehe 14 Agosti akashinda mchujo kwa karibu asilimia 48, akiwabwaga Margaret Anderson Kelliher, aliyewahi kuwa spika wa bunge la jimbo, na Seneta Patricia Torres Ray. Novemba alipata takriban asilimia 78. Yeye na Rashida Tlaib wa Michigan wakawa wanawake wa kwanza Waislamu katika Kongresi. Alitumia msahafu wa babu yake kula kiapo. Sheria ya tangu 1837 iliyokataza kofia ukumbini ilirekebishwa Januari 2019 ili vazi la kichwa la kidini liruhusiwe, na Ilhan akaingia na kilemba chake.

Huko Washington sifa na lawama zimekuwa kubwa zaidi. Februari 2019 aliomba radhi kwa maneno yake kuhusu ushawishi wa watetezi wa Israeli, maneno ambayo hata viongozi wa chama chake waliyakemea. Februari 2023 Republican walimwondoa katika kamati ya mambo ya nje kwa kura 218 dhidi ya 211. Nyumbani aliponea chupuchupu katika mchujo wa 2022, akipata asilimia 50 dhidi ya 48 za Don Samuels, kisha akamshinda mtu huyo huyo kwa nafasi kubwa zaidi mwaka 2024.

Nani alirithi 60B?

Kiti alichokiacha Saint Paul kilichukuliwa na Mohamud Noor, yule yule aliyeshindwa na Kahn mwaka 2014 na na Ilhan mwaka 2016. Jaribio la tatu lilimfikisha. Katika uchaguzi huo huo DFL walipata wingi wa viti katika Baraza la Wawakilishi, na Melissa Hortman akawa spika. Kwa hiyo Noor aliingia bunge ambamo mswada wake ulikuwa na nafasi ya kusikizwa, nafasi ambayo Ilhan hakuwahi kuipata katika miaka yake miwili.

Ukiihesabu kazi ya Ilhan katika bunge la jimbo kwa sheria zenye jina lake, hesabu itakuwa fupi. Alichobadilisha ni nani anayejiona kuwa anaweza kuwania kiti hicho. Kabla ya 2016, Msomali wa Cedar-Riverside aliyetaka ubunge wa jimbo alikuwa mtu wa kujaribu bahati. Miaka miwili baadaye kiti kile kilitoka kwa Msomali mmoja kwenda kwa mwingine, na halikuwa jambo la kushangaza tena.

Kwa upande wetu, Utange ya leo ni mtaa kama mitaa mingine ya Mombasa, na watoto wanaokulia hapo huenda hawajawahi kusikia kwamba palikuwa na kambi. Watoto waliopanga foleni ya maji pamoja na Ilhan kati ya 1991 na 1995 walikuwa maelfu. Wengine wako Minneapolis, wengine wamebaki hapa hapa mjini, na wengine walipandishwa malori kupelekwa Dadaab. Mmoja wao alipewa viza, shule na mkutano wa mtaa wa kuhudhuria na babu yake.